Hatumjui Odette wa Kahawa

Jabe, mtaa wa Bujumbura, avenyu ya sita, pale ukuta wa duka la dawa lililofungwa unapokata kona, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Ukitaka kujua nani amefiwa, nani ameachwa na kituo gani kimepata mafuta, usijisumbue kwenda mbali, kaa hapo. Kila asubuhi utawakuta watu walewale. Wa kwanza ni Ministre, yaani waziri, jina lake la ubatizo Pontien, aliyegonga mihuri miaka thelathini katika ofisi moja ya Rohero na waziri mwenyewe hakuwahi kumwona ila kisogo. Wa pili ni Satelite, yaani Melchior, fundi wa redio. Wa tatu ni Diaspora, yaani Ilias, aliyekaa Nairobi wiki tatu mwaka fulani. Mwili ulirudi, mdomo ulibaki hukohuko. Na mbele yao, nyuma ya mbabula, jiko lake la makaa, na birika kubwa jeusi, yuko Odette wa Bukavu, anayewapikia kahawa yenye tangawizi kali ya kukutoa machozi.

Asubuhi hiyo Odette alikuwa anatazama mwisho wa avenyu badala ya kikombe. Alimimina kahawa, nusu ikaingia kikombeni, nusu ikamwagikia suruali ya Ministre. Na Ministre, mtu wa kugombana kwa tone moja, safari hii hakugomba. Alimtazama usoni kwanza.

— Mama Odette, we iko mugonjwa?

— Apana, Papa Pontien. Kuna mutu ananitafuta.

Vikombe vikasimama hewani.

— Anakutafuta namna gani? Satelite aliuliza. Kwa kuuliza uliza, ama kwa jina?

— Kwa jina.

Lo! Hapo kila mtu akaelewa. Katika mitaa hii mtu anatafutwa kwa alama: yule mrefu, yule mama wa mboga za lengalenga, yule baba anayekohoa. Ukisikia unatafutwa kwa jina, tena na mgeni, unaanza kutafuta njia ya kutokea.

Odette akasimulia. Alfajiri Léoncie, yule muuza mboga, alimjia mbiombio kumwambia kuna mwanaume mwenye shati jeupe na mkoba begani, simu mkononi, anazunguka tangu jana. Ameuliza sokoni. Ameuliza kwenye mashine ya kusaga. Ameuliza kwa mafundi cherehani: «Odette wa kahawa ya tangawizi iko wapi?» Wakimuuliza anamtakia nini, anasema atamwambia mwenyewe.

— Mwenyewe! Diaspora akarudia. Ee bwana wee.

Odette alijua kwa nini anaogopa, na benchi lote lilijua, maana lilikuwa limesikia hadithi yake zaidi ya mara moja. Alivuka mto Ruzizi, pale mpakani, na watu wengi siku moja mbaya, mkono wake umeshika mkono wa Fabiola, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mama yao alipokufa Odette alimlea mwenyewe, akambeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Upande wa pili wa mto akajikuta ameshika mkono wa mtu mwingine. Katika kambi ya wakimbizi alisoma orodha ya majina mara tatu, mara nne, Fabiola hayumo. Basi akaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka, siku saba, aje Bujumbura kumtafuta. Siku saba zikaisha. Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu atoke kambini, karatasi imekunjwa ndani ya kitenge chake, na kila akiona kofia ya askari anajifanya anatafuta kitu chini ya benchi.

— Hii yote ni ile aplikasyo, Ministre alitamka. Nilisema.

Hakusema. Siku Joëlla alipokuja, yeye ndiye aliyejipanga wa kwanza kupigwa picha, na kofia ameinyoosha. Joëlla ni binti wa mwalimu wa avenyu ya nane, anasomea mambo ya kompyuta, na yeye na wenzake walikuwa wametengeneza kitu cha kwenye simu wakakiita Hapahapa. Mtu akiwa mitaa ya wenye nazo, Rohero au Kinindo, akitaka fundi, mshonaji, au muuza uji wa karibu, anabonyeza, anaona picha, jina na kona. «Wenye maduka makubwa wana mabango,» Joëlla aliwaambia, «nyinyi mna nini? Watu wanapita mita mia moja kutoka hapa hawajui kama mupo.» Akampiga Satelite picha na redio zake. Akampiga Ministre, na kwa kuwa hauzi chochote, akamwandika «mteja». Odette alikataa kutoa namba ya simu, kwa woga. Ila picha alikubali, na alipokubali aliomba kitu kimoja.

— Andika Odette wa Kadutu. Kadutu, tafazali, usisahau.

Joëlla alidhani ni mapambo ya biashara. Hakujua kwamba Kadutu ni mtaa wa kwao Bukavu, na kwamba mwanamke huyu alikuwa anatupa jina lake mjini kwa matumaini kwamba macho ya mtu mmoja tu yataliona.

Na kusema kweli, kile kitu kilifanya kazi. Jumatatu iliyofuata tu mama mmoja wa benki alikuja na termosi kutoka Rohero, akaijaza, kesho yake akaleta wenzake wawili. Satelite alipata redio nne wiki moja, yeye ambaye alikuwa anafungua redio yake mwenyewe na kuifunga tena ili aonekane ana kazi. Odette alianza kununua makaa kwa gunia badala ya kwa kopo. Lakini tangazo halichagui macho. Ukijionyesha kwa mteja, umejionyesha kwa kila mtu, na hilo Odette hakuliwaza mpaka asubuhi hiyo Léoncie alipomjia anahema.

— Huyo ni wa ofisi ya komine, Ministre alisema. Shati jeupe, mkoba, haelezi. Mi nimefanya kazi na hao. Ni kodi.

— Kodi gani? Tikiti ya soko nalipa kila siku.

— Iko tikiti, halafu iko tikiti ya kuonekana. Umeonekana, utalipa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mgeni akija, mwenyeji anajificha mpaka apone.

— Si hivyo inasemwa, Diaspora alidakia. Na si kodi. Wallahi mi hii kitu niliiona Nairobi. Kampuni kubwa! Wanatuma mutu anakunywa, anasifu, anakuuliza kwa upole, «mama, tangawizi unatia kiasi gani?» We unasema. Kesho kahawa yako iko kwenye mkebe, mbele wamebandika picha ya mwanamke mwingine, muzuri kukushinda.

— Aksanti, Ilias.

— Usikasirike, ni biashara. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. We umetembezwa kwenye masimu, sasa shauri yako.

Satelite alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo kwa huruma, kama daktari anayesikiliza wagonjwa wakijitibu wenyewe.

— Nyinyi munahangaika na mutu, akasema. Mutu ni mdogo. Ulizeni ile siku Joëlla alisimama hapa, akabonyeza mara moja, simu ikajua ni avenyu ya sita, pembeni ya duka la dawa. Nani aliiambia?

Akaelekeza kidole juu.

— Iko jicho huko juu. Linatafuta joto. Mbabula ya Odette inawaka kila asubuhi saa ileile, kona ileile. Jicho limeiandika. Yule wa shati jeupe anafuata tu mahali jicho linamuonyesha.

— Basi niizime? Odette aliuliza, na kweli alikuwa ameshanyanyua kopo la maji.

— Ukiizima ndio umeharibu! Watajua unajificha.

— Nifanye nini sasa, Papa Melchior?

— Hapo ndipo penye shida, Satelite alikiri.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, Ministre akasema kwa sauti nzito.

— Hiyo inaingilia wapi? Diaspora aliuliza.

— Satelite inaelea huko juu, ndiyo ama apana? Iliundwa, ndiyo ama apana? Munataka nini zaidi?

Diaspora hakukubali kushindwa. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akafungua ukurasa wa Odette. Nyota tano. Chini yake mtu alikuwa ameandika, «Kahawa ya huyu mama inaamsha maiti.»

— Munaona? Munaona hii? Hii mutu ameandika kwa mchezo, lakini huko Ulaya wanasoma hawachezi. Mutu anayeamsha maiti hatafutwi na komine. Anatafutwa na maprofesa. Wanakuja, wanakuchukua na birika lako, wanakufungia kwenye nyumba ya vioo, wanakuletea maiti, wanasema, «haya, mumiminie.»

Odette alicheka, ila kicheko kilipofika katikati kikageuka kilio. Akajifuta kwa ncha ya kitenge. Hao wazee walikuwa wanamtisha kwa upendo, hilo alilijua. Mmoja anataja kodi, mwingine maprofesa, ili wasilitaje neno kambi. Lakini kimya chao juu ya neno hilo kilimtisha kuliko maprofesa wote. Wiki iliyopita tu, kwenye benchi hilihili, walisimuliana kwamba waliopitisha siku za karatasi wanafutwa jina kwenye orodha ya kambi. Mwingine akasema wanapakiwa usiku na kurudishwa mpakani. Nani aliona? Hakuna. Walisikia tu. Na kitu cha kusikia hakina mwisho, kila mtu anaongeza chake.

— Mupigieni Joëlla, akasema. Afute picha yangu.

Diaspora akaanza kutafuta namba.

— Subiri. Usipige.

— Mama Odette!

— Akifuta, Fabiola ataniona wapi?

Diaspora akashusha simu. Odette alikaa pale katikati ya mambo mawili, anamwomba Mungu watu wamwone na anamwomba wasimwone, kwa pumzi moja.

— Yoo, Mana yanje, Mungu wangu, Ministre akanong'ona. Shati jeupe.

Kweli, mwisho wa avenyu mtu alikuwa anakuja, simu mbele ya uso, anatazama simu, anatazama ukuta. Odette alitaka kukimbia.

— Kaa hapa katikati, Ministre aliamuru, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa waziri kweli. Vua aproni. We ni mteja. Ilias, shika birika.

— Mi mwanaume nishike birika?

— Shika!

Sasa, mgeni wa mji huu lazima aelewe kitu kimoja. Avenyu ya sita ina sheria ambayo haikuandikwa na haijawahi kuvunjwa: mtu akitafutwa kwa jina, watu wanasahau kwanza, wanakumbuka baadaye. Si uongo. Ni namna ya kuishi waliyofundishwa na miaka mibaya, na kuna watu wako hai leo kwa sababu jirani alisahau jina lao siku inayofaa. Kwa hiyo yule mtu alipofika, benchi lilikuwa tayari limesahau.

Alikuwa mwanaume wa kama miaka thelathini, vumbi mpaka magotini, shati limelowa jasho mgongoni.

— Jambo yenu, wazee.

Odette akashtuka. Lafudhi ya kwao! Hilo nalo halikumtuliza, maana kambini nako wanaongea hivyohivyo.

— Jambo.

— Ninatafuta Odette wa kahawa.

— Hatumjui, walijibu wote watatu kwa pamoja, kama watu wanaoitikia misa.

Mgeni akatazama simu yake.

— Lakini hapa wanaonyesha ni kona hii.

— Hizo simu zinadanganya sana, alisema Satelite, aliyekuwa ametoka kuzisifu kwamba zinaona joto.

— Ukuta ni huu. Benchi ni hili, na tofali lake. Na huyu mzee yumo kwenye picha. Akamwonyesha Ministre kwa kidole.

— Huyo ni pacha wangu.

— Na kofia?

— Tunaazimana.

Mgeni akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Alionekana amechoka, si mtu mkali, lakini Odette alikuwa ameinamia kikombe chake na hakuthubutu kuinua macho.

— Wazee wangu, nawaomba. Nimetembea tangu jana. Kama alihama, muniambie tu alihamia wapi.

Na hapo ndipo walipokosea. Kusahau walikuwa wamezoea. Kutunga hawakuwa wamepatana.

— Alihamia Cibitoke, Ministre alisema.

— Alikwenda Nairobi, Diaspora alisema wakati huohuo, na kahawa ikamchoma vidole.

Mgeni aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Satelite akaona mambo yanaharibika, akaona afadhali afunge mlango kabisa, mtu huyu asirudi tena.

— Wanakuficha tu sababu ya huruma, kijana. Alikufa.

Mgeni akashusha simu.

— Alikufa? Lini?

— Juma... juma lililopita. Tumbo.

Mgeni hakuuliza zaidi. Alichuchumaa palepale kwenye vumbi, mkoba ukamtoka begani, akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Sasa nitamwambia nini Fabiola?

Benchi lilitetemeka, tofali likasogea. Ni Odette. Ministre akamdaka kifundo cha mkono, akambana kwa nguvu.

— Ni mtego, alimnong'oneza bila kufungua midomo. Usijibu.

Na inawezekana ulikuwa mtego, jamani. Jina la Fabiola Odette alikuwa amelitaja sokoni, kanisani, kila alikopita akiulizia. Nani asingelijua? Alikaa. Akataka kunyamaza, kweli alitaka, lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

— Fabiola gani?

— Mudogo wake, mama, mgeni alijibu bila kuinua kichwa. Mi naitwa Trésor. Nachaji watu simu zao kule kambini. Ile aplikasyo mutu alinitumia, nikawa naonyesha watu picha za mji, tunacheka tu. Yule dada akaona picha moja, akaanguka chini. Tulimumwagia maji. Ruhusa ya kutoka hajapata, mstari ni murefu, mi nikapata ya siku tatu. Akanituma. Akanikanya nisimwambie mutu yeyote natoka kambini. Alisema, «Ukisema kambi, dada yangu atakimbia.»

— Alifika lini huko kambini?

— Alisema aliambiwa dada yake ametoka na karatasi ya siku saba. Alifika siku ya tisa tangu dada atoke.

Odette alihesabu, akahesabu tena, akatamani hesabu ibadilike. Angerudi siku ya saba kama karatasi ilivyosema, angekuwa amekaa mlangoni Fabiola alipofika. Miezi mitano alikuwa anamkimbia mtu wa kambi, na mtu aliyekuwa anamtafuta alikuwa amelala kambini humohumo, labda kwenye mkeka aliouacha yeye.

— Anakohoa bado? aliuliza. Zamani kwenye baridi alikuwa anakohoa.

Trésor aliinua uso. Alimtazama mama huyu aliyekaa katikati ya wazee, akatazama simu, akamtazama tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka Odette bila yeye kujishughulisha nayo.

— Ni we, akasema taratibu.

Satelite aligeukia ukutani. Aibu ilikuwa imemshika mpaka shingoni.

— Munisamehe, alisema. Mi nilikuua sababu nakupenda, Mama Odette.

Trésor alisimama, akapangusa magoti. Alikuwa mtu wa kweli, na mtu wa kweli hajui kupamba.

— Mama, mi sitakudanganya. Waliochelewa wanafanywa nini, mi sijui. Wengine waliitwa ofisini, wakarudi. Mmoja aliitwa, sikumwona tena, sijui alikwenda wapi. Gari linaondoka saa nane, kama limepata mafuta. Unakuja, ama nimwambie sikukupata?

Lilikuwa swali dogo tu. Ministre alifungua mdomo, na mara ya kwanza tangu avenyu ya sita imjue, methali haikutoka, si ya kweli wala ya kupindisha. Diaspora hakuwa ameona kitu kama hicho Nairobi. Ili afanye lolote, akainamisha birika ajaze vikombe. Likatoa mashapo tu. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekuwa ameinywa.

Odette alitoa ile karatasi kwenye kitenge. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, tarehe inasomeka vizuri kabisa.

— Barabarani wanauliza karatasi mara ngapi?

— Mara mbili.

— Basi tutaogopa mara mbili, alisema, na akainuka kutafuta viatu vyake.